Pawasoo ya Baba Hairudi Bila Mimi

Mhariri, jina langu lifiche, lakini hasira yangu usiipunguze hata kidogo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, naishi hapa mtaani Umoja na bwanangu na watoto wetu watatu. Nyumba zetu mnazijua: ukijaliwa unaongeza chumba cha nyuma, unampangisha mtu. Chumba changu cha nyuma hakina mpangaji. Kina misumeno sita ya mota, ile watu huita pawasoo, na majirani wamenibandika jina la Mama Pawa. Wakinicheka nacheka nao, kisha narudi kwa mashini zangu.

Baba yangu alikuwa mkata miti huko milimani kwetu. Jioni alikuwa akinipa tupa ya mviringo na kunionyesha jinsi ya kunoa cheni, jino baada ya jino, kwa mipigo iliyo sawa, maana upande mmoja ukizidi ukali msumeno unakata ukipinda. Kaka zangu wawili walikuwa wakicheza mpira. Baba alipofariki, pawasoo yake ilitupwa kwenye banda la kuku, na kuku wakaifanya mahali pa kutagia. Nilipomwomba mama, alisema, "Beba hiyo takataka, kuku wangu wapate nafasi." Kaka zangu walikuwepo. Walinisaidia hata kuipakia juu ya basi.

Kuifufua kulinitoa jasho. Nilitafuta vipuri mpaka kwa wauza vyuma vikuukuu wa soko la Gikomba, nao hawauzi kipande, wanakuuzia mzoga mzima wa mashini mbovu. Ndivyo nilivyojikuta na ya pili, na ya tatu, na mapenzi yakaniingia. Kuna moja nzito kama gunia la viazi, kelele nyingi na kazi kidogo. Kuna ndogo ya rangi ya machungwa, nyepesi, inakata vizuri sana, lakini ukiisahau kidogo tu kabureta inaziba na inakununia. Ya baba si bora kuliko zote, nakubali. Inavuja oili na kamba yake ya kuwashia inaumiza mkono. Lakini ikishika moto inanguruma kwa sauti ile ile niliyoisikia nikimpelekea baba chai msituni. Kila Jumamosi naiwasha uani nisikie.

Pasaka iliyopita kaka mkubwa alikuja kuiazima. Nikamwambia na kurudia: mashini hii hainywi petroli tupu, lazima uichanganye na oili, la sivyo inajiua. Akacheka. "Wewe sasa ndio wa kunifundisha mashini?" Akaenda akaitilia petroli tupu kama gari. Iliganda hiyo mashini! Aliirudisha ndani ya gunia, pistoni imeng'ang'ania, kamba haivutiki. Hakusema pole. "Imekufa yenyewe, ilikuwa imezeeka," akasema. Nililia kama nimefiwa upya. Kisha nikafuta machozi, nikang'oa pistoni na silinda ya ile mashini niliyoinunua Gikomba mwanzo, maana ni za aina moja, nikavitia kwenye ya baba. Ikanguruma tena. Mnaona sasa kwa nini naweka mizoga?

Sasa sikieni. Mkaratusi ulio nyuma ya jiko la mama umeinama. Mvua imelegeza mizizi, na mama anapika akiangalia juu. Kaka zangu waliposikia pawasoo imepona, wakaja wote wawili. Kaka mkubwa, akiwa na kikombe cha chai yangu mkononi, akaniambia, "Wewe uliolewa. Hiyo pawa ni ya boma ya baba, si ya boma ya bwanako. Ilete, na isirudi huku tena."

"Mti nitakuja kuukata mwenyewe," nikamjibu.

"Mwanamke akate mti kwa boma ya babake, watu wakiangalia? Unataka tuchekwe?"

Walipoondoka, bwanangu akaniambia kwa upole, "Wape tu, mama watoto, tupate amani. Si uko na zingine tano?" Kisha mama akanitumia habari kupitia shangazi: nisipowapa kaka zangu mashini ya baba yao, nisikanyage kwake. Baba yao! Kwani mimi baba yangu ni nani?

Hapo ndipo ninapoumia. Kaka zangu wakinuna wanune. Lakini mama nampenda, na naogopa mti ule utamwangukia huku wanaume wakibishana ni nani ana haki ya kuukata.

Kwa hivyo wasomaji, asiandike mtu kuniambia niwape. Barua hiyo nitawashia jiko. Cheni nimeshainoa, petroli nimeichanganya na oili, na kamba ndefu ya kuuvuta mti mbali na jiko nimeiazima kwa jirani. Jumamosi naenda. Nitauangusha upande wa shamba, kama baba alivyonifundisha, halafu nitarudi Umoja na pawasoo yangu.

Nataka mnishauri jambo moja tu. Nikifika na mama akakataa kunifungulia lango, mti uko ndani na mimi niko nje na mashini mkononi, nimwambie nini?