Kidole cha Bluu

Muuza picha za akili bandia huanza asubuhi kwa kunong'ona. Huiinamia tableti yake na kuibembeleza kama mtoto asiyetaka kula: "Ukungu uzidi kidogo. Dirisha liwe wazi. Haya, mama ageuke." Picha huibuka polepole kama ndoto ya alfajiri, naye huichapisha, huipangusa kwa mkono wa shati na kuitundika. Mikono yake haina doa. Akiulizwa nani kachora, hajiumi ulimi: "Kompyuta, dada yangu." Kisha macho humtoroka, yakaenda meza ya jirani, kwa mama mchoraji, ambaye rangi zimemjaa hadi kwenye nyusi.

Leo mama huyo alipokwenda kuchota maji ya kusuuzia brashi, muuza picha alisogea. Kwenye turubai palikuwa na anga tupu, bluu, bado mbichi. Akaigusa kwa kidole gumba, kidogo tu, kama mtu anayeonja mchuzi wa wenyewe. Alama ikabaki. Mama aliporudi akaitazama ile alama, akamtazama yeye, akachukua brashi na kuichorea mabawa mawili, ikawa ndege. Kutwa nzima muuza picha hakunawa, mpaka mteja mmoja akakiona kile kidole.

"Kumbe unachora mwenyewe!"

Akafungua mdomo. Kabla hajasema "Kompyuta", macho yakamshukia kwenye kidole.

"Bado," mama mchoraji akamjibia bila kuinua uso, huku akisogeza kigoda chake kumwachia nafasi. "Anaanza kesho."