Benki Iliyofungwa

Juzi, dukani Tarasaa, nilisikia redioni wanasiasa wakigombania benki ya serikali, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu katika soko la mifugo la Garsen. Vumbi lilinuka samadi, na fahali wetu alikuwa akilia kwa kiu. Mnunuzi akamwambia baba, “Mzee, wakubwa wanagombania benki. Imefungwa, na pesa zangu zimo ndani.”

Nilidhani imefungwa kwa kamba, kama ndama. “Nani ataifungua?” nikauliza.

Baba hakucheka. “Hata mimi nataka kujua, mama.”

Nilirudi nyumbani nikiwaza kamba hiyo ni nene kiasi gani, huku nikifurahi kwamba fahali hakuuzwa. Sikujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa karo ya dada yangu Halima. Shule zilipofunguliwa, Halima alibaki malishoni, na hakurudi darasani tena.