Birika la Ghorofa ya Tisa

Asubuhi ile Kezia Tibbetts alishuka kwenye tremu kituo kimoja kabla ya chake. Hakukosea. Ni miguu tu iliyokataa kutulia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, koti la dada yake mabegani, na alitembea katikati ya Birmingham akitabasamu peke yake kwenye mvua, kama mtu aliyepewa jiji zima alitunze hadi jioni.

Alikuwa mwanagenzi wa shahada katika benki kubwa. Siku nne za juma alikaa mezani akifanya kazi na kulipwa mshahara. Siku ya tano alikwenda chuo kikuu, na ada ikawa juu ya benki. Wenzake wa shule waliokwenda vyuo vya mbali walikuwa wakila tambi na kulala hadi adhuhuri. Yeye alikuwa na kadi inayofungua milango ya vioo, na hadi leo kila mlango ulipofunguka alishangaa kidogo kwamba umemkubali.

Leo kulikuwa na jambo. Ghorofa ya tisa kuna chumba cha hazina, ambako kazi ya watu ni kuhakikisha benki haiishiwi fedha mkononi katikati ya mchana. Chumba hicho kilikuwa na kiti kimoja cha mwanagenzi, na waliokitaka ni wawili: yeye na Haroon Mirza, kijana wa mtaa wa Sparkhill mwenye tai nzuri na jibu la kila kitu. Kila mmoja alipewa dakika kumi mbele ya wakubwa. Haroon alimaliza zake jana.

"Ilikuwaje?" Kezia alimuuliza kwenye lifti.

"Nimewaacha wanatokwa machozi. Wewe nenda ukawapanguse."

"Machozi ya miayo hayo."

"Unaona, ndiyo maana nakupenda. Unakwenda kuchinjwa huku unacheka."

Msimamizi wao, Gurdev Bains, mtu mnene mwenye kilemba cha buluu, alimsubiri mlangoni.

"Mwanangu, nisikilize. Ingia, sema, toka. Na usimuulize mtu chai."

"Nitauliza chai saa ngapi mimi, Gurdev?"

"Nakujua."

Alikuwa na sababu. Ofisini kwao, anayesimama kwenda kujitengenezea chai lazima awaulize wote, na akishauliza lazima awahudumie wote. Ndiyo maana watu wazima wenye vyeo hukaa asubuhi nzima makoo yamekauka, kila mmoja akimtegea mwenzake. Kezia hakuwahi kuyaweza mateso hayo. Alilelewa mji wa Dudley na bibi yake, Doreen, ambaye kwake hata fundi wa bomba hushikishwa kikombe kabla hajaonyeshwa bomba lenyewe.

Basi akaingia, Gurdev nyuma yake. Meza ndefu, wakubwa kama kumi, na mwishoni Philippa Garside, mkuu wa hazina, miwani imepandishwa juu ya nywele.

"Karibu, Kezia. Anza ukiwa tayari."

Furaha ikampanda kichwani kama soda iliyotikiswa, na ile sentensi ya kwanza, aliyoisema mbele ya kioo mpaka dada yake akatishia kuhama, ikaruka dirishani. Mdomo ukatafuta sentensi nyingine yoyote. Ukapata ile unayoijua kuliko zote.

"Kuna anayetaka chai?"

Gurdev alifumba macho.

Hakuna aliyecheka. Bwana mmoja alikohoa. "Kwa kweli, ningeshukuru." Mwingine akasema, "Kama unatengeneza." Hapo lango likafunguka. Huyu maziwa kidogo. Yule iwe rangi ya tofali. Mwingine maziwa ya shayiri, kama hayapo asijisumbue, maana yake ajisumbue.

Kezia alikwenda jikoni huku dakika zake zikiyeyuka. Akajaza birika la umeme hadi pomoni, akapanga vikombe, akaona: maji yale yanatosha nusu tu. Waliobaki watangoja birika lichemke tena. Alilitazama likinguruma. Akatazama bomba. Kisha akaanza kucheka peke yake pale karibu na jokofu.

Akapeleka sinia la kwanza, makusudi kabisa akamruka Philippa. Aliporudi na la pili, zilibaki dakika tatu.

"Samahani, Philippa. Ulipokuwa unangoja, ulifikiri jengo limeishiwa maji?"

"Hapana. Nilifikiri Gurdev ana kikombe na mimi sina."

"Basi hiyo ndiyo mada yangu. Maji yamejaa bombani, birika ndilo dogo. Benki inaweza kuwa na mali tele, lakini mali hiyo ni nyumba za watu na mikopo ya miaka mingi. Haichemki kwa dakika moja. Wote wakitaka kikombe kwa pamoja, wa nyuma wanaanza kutazama vikombe vya wa mbele. Na wakishaanza kutazamana, hata asiye na kiu anaagiza."

"Mimi sikuwa na kiu," alikiri yule wa maziwa ya shayiri.

"Tununue birika kubwa, basi," Philippa alisema.

"Lichemke kutwa nzima hata kama wanywaji ni wawili? Hiyo ni gharama. Tunaweka chupa ya maji ya moto pembeni, yaani akiba ya fedha taslimu, ya kutosha hao wenye haraka mpaka birika lichemke tena. Ukubwa wa chupa ndio nilioupigia hesabu."

Alikuwa ameandaa slaidi kumi na mbili. Alionyesha moja tu, na muda ukaisha.

Mchana Philippa alishuka mwenyewe hadi mezani kwake. "Kiti ni chako. Kuna kosa kwenye slaidi yako, safu ya tatu. Utalirekebisha ukiwa kwetu."

"Nimeshindwa na chai," alisema Haroon, akimkumbatia. "Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie ilikuwa ya maziwa."

Bibi Doreen alipopigiwa simu alisikiliza yote, akauliza kama vikombe vilioshwa.

Jumatatu Kezia alikalia kiti chake kipya. Chumba kizima kilikuwa kimya, vikombe vitupu, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Aliuma midomo. Akafungua barua pepe, akaifunga. Akasoma safu ya tatu, akaiona ilivyopotoka, akaisahihisha. Koo likawasha.

Akaanza kuinuka, na kiti chake kikalia kidogo tu sakafuni. Kabla hajafungua mdomo, vikombe vyote vilikuwa vimeinuliwa juu, na cha kwanza kabisa kilikuwa cha Philippa.