Isale Katika Kahawa ya Sirili

Aminieli alilinda Nusu Maili kwa miaka ishirini na mbili, na sikumsikia hata siku moja akiiita msitu. Aliiita kazi. Ulikuwa ukanda wa miti juu ya vihamba vyetu vya Uru, mashamba yetu ya migomba na kahawa mlimani, uliotengwa ili akina mama wapate kuni na nyasi bila kuugusa msitu mkubwa wa serikali ulio juu yake. Jumanne na Ijumaa waliingia kuokota kuni kavu. Aliyeingia siku nyingine alikutana na Aminieli, kofia kichwani, soksi zimevutwa hadi magotini.

Aliyekamatwa na mti mbichi alipelekwa barazani, labda awahi kuleta isale. Kwetu Uchagani mmea huo wa majani marefu ndio mpaka wa kihamba, na ndio ombi la msamaha. Ukiletewa, unasamehe, hata kama roho inakuuma. Aminieli alisamehe kila mara, ila hakutaka jani, alidai tawi zima. Kila tawi alikwenda kulipanda kwenye mpaka wa Nusu Maili, palipokuwa na pengo.

Halmashauri zilipovunjwa mwaka 1972, ukanda ukahamia kwa wakubwa wa mbali. Mimi nilikuwa katibu wa kijiji, kwa hiyo kila waraka ulipita mikononi mwangu. Wa kwanza ulipiga marufuku hata kuni kavu. Wa pili uliruhusu mahindi katikati ya miche ya misindano. Wa tatu uliuliza wa pili umeandikwa na nani. Leo nacheka, lakini wakati ule nilikasirika hadi nikashindwa kula.

Akina mama, ambao zamani walikuwa wakiwataja wezi kwa majina, wakanyamaza. Vihamba navyo vikaanza kupanda mlima, mgomba kwa mgomba. Kilichopanda kuliko vyote kilikuwa cha Sirili, mdogo wake Aminieli. Sirili alikuwa na wana watano na ardhi ya kuwatosha wawili. Upande wake masale yaliungua mwaka wa ukame, kwa bahati mbaya, kama alivyosema mwenyewe, na mwaka uliofuata kwenye pengo pakaota kahawa.

Mwaka 1984 halmashauri zikarudi, akaletwa mpima ardhi kuupima upya mpaka, kijana mmoja wa mjini, mtaa wa Soweto, aitwaye Yunusu. Alitafuta mawe ya mpaka siku nzima. Mawili aliyakuta jikoni kwa jirani yetu Mektrida, yamekuwa mafiga. Nikamwambia afuate masale, maana kwetu hakuna anayethubutu kung'oa isale.

"Na kwenye pengo?"

"Muulize Aminieli kesho asubuhi. Anaujua mpaka kwa hatua."

Jioni hiyo nilikuwa kwa Aminieli tukinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, Sirili akaingia. Hakukaa. Aliweka tawi la isale magotini pa kaka yake.

"Kaka, nimekosa. Naomba kesho useme hukumbuki."

Nilimhurumia Aminieli. Kulikataa isale hawezi, na kulipokea ni kuitupa kazi ya maisha yake. Aliligeuzageuza lile tawi.

"Nimekusamehe," alisema. "Na nitasema hivyo hivyo."

Sirili alilia, akamshika mikono. Mimi niliondoka bila kumaliza kata yangu, nimemkasirikia Aminieli.

Asubuhi tulipofika kwenye pengo na Yunusu, Aminieli alikuwa ametutangulia, jembe begani, matope mikononi.

"Shikamoo, mzee. Mpaka unapita wapi hapa?"

"Marahaba. Sikumbuki, mwanangu."

Nyuma yake, katikati ya kahawa ya Sirili, isale moja lilisimama kwenye udongo mbichi uliomwagiwa maji. Yunusu alilitazama, akatazama masale ya kulia na ya kushoto, akanyoosha kamba yake. Mashina mia moja na arobaini ya kahawa yalibaki upande wa Nusu Maili.

Sirili alikuja na panga. Alifika hadi kwenye lile tawi. Alilileta mwenyewe, na kwa hilo alikuwa amesamehewa. Hakuligusa.

Wiki iliyofuata alianza kung'oa kahawa. Aliyemsaidia ni kaka yake.