Vidonge vya Kwendea Hospitali

Kwetu Lushoto mtu haendi hospitali hovyohovyo. Anaoga, anapaka mafuta, anavaa koti la kanisani. Mimi nikaongeza langu: siku mbili kabla ya kwenda nilimeza vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa, nisije nikafika nimezidiwa mbele za watu. Mzee wa kanisa mzima unatetemeka kwenye benchi? Aibu gani hiyo!

Homa ilikuwa na mwezi wa tatu. Muuza dawa alishanitibu malaria, UTI na taifodi, akabakiza uchungu wa uzazi tu. Nilipofika hospitali, daktari, binti aliyeniamkia kwa adabu zote, alisikiliza kifua changu, uso ukambadilika. Alieleza kwamba valvu ya moyo, kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, huenda inaliwa na vijidudu, na ni lazima vijulikane kabla havijaimaliza. Akauliza kama kuna dawa ninayotumia.

"Hakuna, mwanangu," nikasema, na vidonge vimo mfukoni.

Damu yangu ikawekwa kwenye chupa ili vijidudu viote. Havikuota. Nikaitwa tena, nikameza tena, nikakana tena. Chupa kimya. Nyumbani nikajisifu kwamba damu yangu safi, ingawa kutoka shamba la kabichi bondeni nilikuwa napumzika mara tatu.

Mara ya tatu mke wangu alinisindikiza. Daktari akauliza swali lake, nikatoa jibu langu. Mke wangu akatia mkono kwenye koti langu, akamwaga maganda matupu ya vidonge mezani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari akaeleza kwamba vidonge hivyo ndivyo vilivyozuia vijidudu kuota chupani. Nikakatazwa vidonge, damu ikatolewa upya, chupa ikaachwa siku nyingi. Mwishowe kikaota kijidudu adimu, kivivu ajabu, chenye makazi yake mdomoni. Kumbe kilipitia jino bovu nililolibembeleza miaka. Nikachomwa sindano kwa wiki nyingi, homa ikaisha.

"Mzee," daktari akaniambia taratibu, "ungesema siku ya kwanza, valvu tungeiwahi."

Sasa nasubiri kupasuliwa moyo Dar, valvu ibadilishwe, na ninaogopa. Kila daktari anauliza kama kuna dawa ninazotumia, na mdomo wangu bado unataka kusema hakuna. Kwa hiyo nanyamaza, anajibu mke wangu.