Fuawe la Papa Mukwe

Miaka ile ya sitini kazi yangu ilikuwa kupima risasi. Sisemi ile ya bunduki, ingawa hiyo nayo haikukosekana kwetu. Nasema madini yenyewe, ya kijivu, laini, mazito kuliko yanavyoonekana. Nilizaliwa Masisi kwa watu wa maharagi na mihogo, nikapelekwa Ulaya kusoma kemia ya mawe, na kila likizo nilirudi kuokota mawe mengine. Walikale nilichukua kasiterite, mawe ya bati, kwa wachimbaji, Masisi nilichukua mawe ya volkano kando ya barabara. Mama yangu alisema watu wa kanisa wamenisomesha ili nije kuondoa mawe shambani, kazi ambayo yeye angenipa bure.

Kwa nini risasi? Kwa sababu si ya uzito mmoja. Iko ya aina nne, zinafanana kabisa kwa macho, ni mashine tu njo inazitenga; njo yetu ni ndiyo yenu. Ndani ya udongo wa dunia uranium inaoza polepole sana na kugeuka risasi, kwa hiyo mchanganyiko wa zile aina nne unabadilika kadiri miaka inavyopita. Ukijua ulianzaje, unajua umekaa muda gani. Ni kama kasiksi, pombe yetu ya ndizi: huwezi kusema imekaa siku ngapi kama hujui utamu wake wa siku ya kwanza. Na ule utamu wa siku ya kwanza uko ndani ya vyuma vinavyoanguka kutoka angani, maana humo hamna uranium ya kuuharibu. Vyuma vya namna hiyo ni vichache. Wakubwa wa maabara yetu walivikalia kama kuku juu ya mayai, na sisi wengine tulipewa vumbi. Mimi nilitaka cha kwangu.

Nilikipata Ngungu, kwa baba wa mke wangu, Papa Mukwe. Alikuwa mfua chuma, majembe yake yalilima vilima vyote vya upande ule, na fuawe lake, yaani lile pande la kufulia chuma, lilikuwa jiwe jeusi ambalo babu yake alilikuta shambani. Nusu lilizikwa ardhini, nusu lilitoka juu, bapa na pana. Siku ya kwanza niliposikia nyundo ikigonga pale, sauti haikuwa ya jiwe. Shemeji yangu, mtoto wake mkubwa, aliniruhusu kusugua pembe moja kwa tindikali, na mistari ikatokea, inakatana kama ukili wa mkeka. Hakuna tanuru ya binadamu inayoweza kufanya mistari ile. Lile jiwe lilikuwa chuma cha kutoka angani.

Juu, karibu na katikati, kulikuwa na doa la rangi ya shaba chafu, pana kama kiganja cha mtoto. Ndani ya madoa ya namna ile ndimo risasi ya angani inamokaa. Nilihitaji doa lile, si kitu kingine.

Sasa, kwetu mkwe hamhoji baba wa mke wake. Kuomba anaweza, kupitia kinywa cha shemeji. Kuuliza uso kwa uso, wapi, lini, kwa nini, hapana, hata nyumba ikiungua. Unakaa ubavu ubavu, unaangalia mlango, shemeji anabeba maneno kutoka kwako hadi kwake, hatua tatu tu, kama vile mzee hakusikia. Na mzee naye, ombi la kwanza la mkwe hakatai. Nilijua hilo nilipoomba. Sitajifanya sikujua.

“Papa anasema ukate,” shemeji alinijibu. “Anasema tu, ile njo mukono wake wa kuume.”

Nilikata siku tatu kwa msumeno wa chuma. Papa Mukwe alikaa nje akichonga mpini wa jembe, mgongo wake kwetu. Siku ya pili alimtuma mtoto wake.

“Papa anauliza kama iko lazima upande huu.”

“Lazima. Doa njo liko hapa.”

“Anauliza tu.”

“Mwambie ninajua kazi yangu,” nilisema. Nilikuwa na jasho machoni na meno ya msumeno yalikuwa yameisha. Shemeji alienda, akasema sijui nini, na mzee hakutuma neno tena. Niliondoka na doa langu limefungwa ndani ya kitambaa safi. Juu ya fuawe nilibakiza shimo lenye pembe nne, na nikaliona dogo.

Pale maabara nilikuwa mtu wa kuchosha. Risasi iko kila mahali, katika rangi ya kuta, katika moshi wa essence, yaani petroli, na chembe moja inatosha kuharibu kazi ya miezi. Niliosha vyombo kwa tindikali mpaka vidole vikachubuka. Mwenzangu mmoja nilimfukuza mlangoni kwa sababu alitoka kwenye gari na koti lake lilinuka. Kila aliyeniletea jiwe, swali langu la kwanza lilikuwa lile lile: limegusa nini? Nilimuuliza hata profesa mmoja mzee, mbele ya wanafunzi wake, na akanuna wiki nzima.

Zamu yangu ya mashine ilipofika, nambari zilitoka, na hazikuwa za angani. Zilikuwa za risasi ya kawaida, ya dukani. Nilirudia, zikatoka zile zile. Mkubwa wangu alisoma karatasi, akavua miwani.

“Hongera,” alisema. “Umetuletea batri ya lori kutoka mbinguni.”

Walicheka mpaka kwenye korido. Nami nilichukia, kwanza wao, halafu jiwe, mwisho mzee wa watu aliyekuwa hana kosa lolote.

Likizo iliyofuata nilipanda Ngungu kwa miguu sehemu kubwa, barabara ilikuwa imekatika. Sikusikia nyundo. Papa Mukwe alikuwa kibandani akinoa visu juu ya kipande cha chuma cha lori, chembamba kama mkono. Fuawe lilikuwa limeng'olewa, limelazwa kando ya ua, vipande viwili. Ufa ulianzia katika shimo langu na kwenda moja kwa moja hadi ukingoni.

“Mwezi wa pili,” shemeji alisema kwa sauti ya chini. “Alikuwa anapiga jembe. Jembe linaomba kitu kipana, kisu hapana. Sasa tunafanya visu.”

“Mbona hamkuniandikia?”

“Papa alikataza. Alisema mukwe asisumbuliwe masomo.”

Niliona haya, na haya yangu hugeuka hasira haraka. Nilimpita shemeji, nikasimama mbele ya mzee, nikamwangalia usoni.

“Papa, juu ya hii jiwe mulikuwa munayeyushaka risasi?”

Shemeji alikohoa na kuangalia chini. Papa Mukwe aliweka kisu. Miaka yote ya ndoa yangu hatukuwa tumezungumza sisi wawili.

“Kila juma,” alisema. “Ya kufunga kwa nyavu za watu wa Kirotshe, zizame. Ninavunja batri za zamani, ninamwaga hapo juu. Kila muntu hapa anajua.”

“Sikujua.”

“Haukuuliza.”

“Ningeuliza namna gani? Mimi ni mukwe.”

“Njo ile. Mimi nilituma mutoto akuulize kama iko lazima huo upande.” Alisimama, akasukuma kipande kikubwa kwa mguu mpaka kikageuka. Upande uliokuwa umezikwa ardhini ulikuwa na udongo bado, na ndani ya udongo mlikuwa na madoa mawili ya shaba chafu, mapana kuliko langu. “Huku chini hakuna kitu imegusa tangu babu. Kama uliniuliza, ningeigeuza, ukate, niirudishe. Tungefanya siku moja.”

Alinionyesha kipande kwa kidole.

“Chukua. Sasa haina kazi.”

Nilichukua. Nilitamani kuwa mtu ambaye angekataa, lakini sikuwa yeye. Nambari za madoa yale zilitoka safi, za siku ya kwanza kabisa. Mkubwa wangu aliacha kucheka, na kwa nambari zile nilipewa maabara yangu mwenyewe, na baada ya risasi nikapewa vyuma vingine, vya hapa duniani na vya juu.

Lakini siku niliyokuwa nafunga kile kipande ndani ya gunia, mama wa mke wangu alirudi kutoka soko. Yeye, mke wa mfua chuma, alikuwa amebeba begani jembe la dukani, bado na karatasi yake. Alilisimamisha ukutani taratibu, akaingia kupika, na Papa Mukwe akaendelea kunoa kisu.