Safari ya Tabora Isiyo na Msiba

Sanduku la bati la rangi ya samawati lilikaa chini ya kitanda cha Mwalimu Wilhelmina tangu Desemba 1969, aliposhuka nalo kwenye basi mjini Bariadi, cheti cha ualimu kikiwa ndani kimeviringishwa kwenye kanga. Lilikuwa limetoka Tabora. Kwa miaka ishirini na sita halikurudi huko, ingawa kila mwaka pamba ilipoanza kupasuka mumewe, Mashimba, alisema kwamba msimu huu litarudi.

Ahadi yenyewe aliitoa wakiwa wachumba. Siku mbili Tabora, wao wawili tu, Wilhelmina amwonyeshe chuo alichosoma na mkate wa moto uliouzwa karibu na stesheni. Mashimba hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mkulima wa pamba mwenye ng'ombe kumi na saba, na kilichomwangusha kila mara ni malipo. Pamba aliiuza kwenye chama cha msingi cha ushirika, akapewa stakabadhi, na fedha zikaja vipande vipande, mara nyingi mvua za kupandia zikiwa zimeshaanza. Wakati huo hakuna mkulima anayeacha shamba akapande treni. Safari ikasogezwa mbele, mwaka hadi mwaka, na Wilhelmina akaendelea kufundisha darasa la kwanza hadi akaanza kuletewa watoto wa wanafunzi wake wa mwanzo.

Mwaka 1995 wanunuzi binafsi waliingia na malori na mizani yao. Wazee waliwatazama kwa mashaka. Mashimba alipima pamba yake asubuhi, na saa nane mchana alikuwa nyumbani na fedha taslimu mfukoni. Alisimama mlangoni kwa muda, kama mtu anayetafuta udhuru asiuone.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Toa sanduku."

Wilhelmina alipanga safari kama alivyoandaa somo. Basi la Ijumaa asubuhi kupitia Maswa hadi Shinyanga, treni ya usiku kwenda Dakama, maana ndivyo Wasukuma tunavyoita kusini, na Jumamosi asubuhi wawe Tabora. Kulala ni hosteli ya misheni, ambako chumba kilikuwa nafuu kuliko gesti. Chakula cha njiani ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Treni ni daraja la tatu. Alifuta soda, akafuta teksi, akabakiza kitu kimoja cha anasa: picha ya studio. Eufrasia, aliyelala naye bweni moja chuoni, alikuwa ameandika mwezi wa tano kwamba anawasubiri mwaka wowote watakaokuja. Wilhelmina alimjibu akimtajia siku na treni.

Ugumu wa kwanza ulitokea ofisini kwa mwalimu mkuu, Januarius, alipokwenda kuomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu. Fomu ilitaka sababu. Januarius alimsomea zilizozoeleka: ugonjwa, msiba, masomo. Wilhelmina alisema anakwenda kutembea. Januarius alitafakari, akaandika "mambo ya kifamilia", kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba shule iko pamoja naye.

Ugumu wa pili ulikuwa kijijini kwao, Zagayu, nje ya mji wa Bariadi. Mashimba alipeleka ng'ombe wake kwa mdogo wake, Mayige, amwangalizie kwa siku nne. Mayige aliuliza nani amefariki. Aliambiwa hakuna. Akauliza mgonjwa ni nani.

"Hakuna mgonjwa. Tunakwenda kutembea."

Mayige aliwatazama ng'ombe. "Sawa, kaka. Na yeye anajua?"

"Anajua nini?"

"Basi, basi. Tusiyaseme hapa."

Huku kwetu mtu aliyefiwa na ndugu wa mbali haambiwi papo hapo. Hutafutiwa safari. Huambiwa kuna shughuli au kuna mtu anaumwa kidogo, apandishwe basi, na habari yenyewe aikute akiwa katikati ya watu wa kumshika. Siri hiyo hubebwa na mume. Kwa hiyo Mashimba, mtu ambaye hakuwa amesafiri bila sababu tangu azaliwe, alipotangaza kwamba anamchukua mkewe ghafla kwenda Tabora kutembea, Mayige hakuhitaji maelezo zaidi. Huko Tabora, Wilhelmina alikuwa na mtu mmoja tu. Zagayu nzima walimfahamu Eufrasia, kwa sababu mwaka 1974 alikuja kuwasalimia, akakaa wiki tatu na kuwafundisha wanawake kufuma vitambaa vya meza.

Alhamisi jioni watu walianza kuingia uani kwa Mashimba. Mmoja alileta unga, mwingine kuni, mwingine kuku wawili. Walimsalimia Wilhelmina kwa upole usio wa kawaida na kumshika mkono muda mrefu. Mwanzoni alidhani wanamuaga, akaguswa moyo. Kisha Kabula, dada mkubwa wa Mashimba, mwanamke ambaye hakuwahi kumsifia kitu, alimnyang'anya ndoo na kumwambia apumzike, asijichoshe. Hapo Wilhelmina alikaa chini na kuanza kufikiri.

Miaka ishirini na sita safari haikuwezekana. Sasa imewezekana ndani ya wiki moja. Jibu la barua yake ya mwisho halikuwa limefika. Alimwita Mashimba chumbani.

"Niambie tu. Ni Eufrasia?"

"Mke wangu, hakuna aliyefariki. Nimeuza pamba."

"Mume akiwa anaficha, atasema nini kingine?"

Mashimba alifungua mlango. Alitoka uani akawaambia watu wazi kwamba hakuna msiba, wao wanakwenda kutembea. Walimsikiliza, wakatikisa vichwa kwa heshima. Kabula alisema baadaye kwamba siku ile alimpenda mdogo wake kuliko siku zote, kwa jinsi alivyojikaza.

Mwanamke katika hali hiyo hasafirishwi na mumewe peke yake. Asubuhi kituoni Kabula alikuwa amekwisha fika, mkeka kwapani. Mayige naye alikuwepo, ng'ombe kawaachia majirani. Mashimba alijaribu kubishana, basi likapiga honi. Fedha za hosteli zikawa nauli za wasindikizaji, na matobolwa ya siku tatu yakaisha kabla ya Shinyanga. Ndani ya treni Wilhelmina hakula. Alikaa dirishani na sanduku lake mapajani, akiikumbuka njia ile ile aliyoipita na Eufrasia wakiwa wasichana, wakiimba mpaka mkaguzi wa tiketi akawaomba wanyamaze. Safari aliyoililia nusu ya maisha yake aliipitisha akisali isiwe na mwisho.

Treni iliingia Tabora saa moja asubuhi. Kabula alikwisha funga kanga kiunoni, tayari kwa kazi. Walishuka wakaupita umati, na chini ya saa ya stesheni alisimama mwanamke mnene mwenye miwani, mkate umefungwa kwenye gazeti mkononi.

Wilhelmina alikaa juu ya sanduku lake palepale, akalia. Abiria waliopita wakampa pole.

Eufrasia aliwatazama wageni wake, ule mkeka, zile nyuso, na kanga ya Kabula. Alimvuta Mashimba pembeni.

"Shemeji, nani amefariki?"

"Wewe," alisema Mashimba.

Eufrasia aliwageukia tena, akawahesabu. "Mimi? Na mmekuja watatu tu na mfiwa?"

Kabula ndiye aliyeanza kucheka, akicheka huku akifungua kanga kiunoni, na Mayige akatazama reli kama mtu anayekagua kitu muhimu.

Wageni wanne hawakutosha kwenye mipango ya daftari. Walilala sebuleni kwa Eufrasia, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Jumamosi ilikwisha kwa simulizi za watu wote kwa pamoja. Mayige alitaka kuona kila injini iliyoegeshwa stesheni, na ilibidi wote wamfuate. Safari ya wao wawili tu haikuwepo.

Jumapili baada ya misa, Wilhelmina na Mashimba walisimama mlangoni. Mayige naye akachukua kofia yake.

"Kaa," Kabula alimwambia. "Hawa wametoka Bariadi kuja kutembea."

Chuo kilikuwa likizoni na mlinzi aliwaruhusu waingie. Wilhelmina alimwonyesha mumewe bweni, akahesabu madirisha hadi la tatu kutoka mwisho. Rangi ilikuwa imebadilishwa na bomba la maji lilikuwa limehamishwa. Mashimba alizunguka akitazama kila kitu kwa makini, kama alivyotazama mizani ya wale wanunuzi. Kisha akauliza mkewe alikuwa anasomea wapi barua alizomwandikia wakiwa wachumba.

Wilhelmina alimwonyesha ngazi ya saruji nyuma ya bweni. Mashimba aliipangusa kwa kofia, akakaa, akampisha nafasi. Walikaa pale hadi jua lilipohama, wakila mkate wa Eufrasia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kusema baadaye walizungumza nini.

Picha ya studio walipiga jioni ile kabla ya treni, na ipo mpaka leo ukutani Bariadi, nyumbani kwa mwalimu mstaafu Wilhelmina. Mashimba alifariki mwaka 2011. Hawakwenda tena Tabora. Msimu uliofuata bei ilishuka, na baadaye sanduku likawa la kuhifadhia nguo za wajukuu. Kwenye picha kuna watu watano. Wanne wamekaza nyuso kama walivyoelekezwa na mpiga picha, na mkeka wa Kabula umeegemezwa ukutani nyuma yao.

Wageni wakiiona huuliza ulikuwa msiba wa nani. Wilhelmina huinuka, hata magoti yakiwa yanauma, na kuweka kidole kwenye kioo, juu ya mwanamke mwenye miwani.

"Wa huyu hapa," husema. "Huyu anayecheka."